Maksi kwa hoja, si kwa jibu: mwongozo wa kufundisha na kusahihisha somo la sayansi la uchunguzi

Makundi 11, majedwali 11, na namba zote zinafanana: 60, 42, 30. Kila kundi lilikuwa limepima mara tatu, na mara zote tatu likapata namba ileile bila hata nusu kupungua. Nilikuwa nasahihisha daftari za Kidato cha Pili baada ya jaribio la pendulamu, yaani kuhesabu mibembeo kwa dakika ya jiwe lililofungwa kwenye uzi wa sentimita 25, wa 50, kisha wa 100, na mwanzoni nilifurahi. Halafu nikafika kwa kundi la saba. Uzi wao mrefu ulikuwa na urefu wa sentimita 80, si 100. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu niliupima mwenyewe nilipokuwa nakusanya vifaa. Uzi wa sentimita 80 hutoa mibembeo 33 na ushei kwa dakika moja. Wao walikuwa wameandika 30.

Walikuwa wamepika data. Na aliyewasha jiko ni mimi: wiki moja kabla niliwaandikia kanuni ubaoni, nikawafundisha kukokotoa jibu, kisha nikawaambia wafanye jaribio ili "kuthibitisha". Nikasahihisha kwa kuangalia nani kakaribia jibu la kitabu. Mwanafunzi mwenye akili timamu angefanya nini kingine?

Mwongozo huu unatokana na marekebisho niliyofanya baada ya siku hiyo. Nautolea mfano kwa jaribio hilohilo la pendulamu kwa sababu halihitaji maabara, vifaa vyake unavipata dukani na uwanjani, na limejaa mitego mizuri. Darasa langu lina wanafunzi 64. Kama lako lina 40, una bahati.

Maandalizi: futa kanuni ubaoni

Jaribio litangulie, nadharia ifuate. Kama mada imo kwenye azimio la kazi wiki ya tano, jaribio lifanyike siku ya kwanza ya wiki hiyo, kabla neno "kanuni" halijatajwa. Utaliandikia andalio la somo kama kawaida, isipokuwa sehemu ya "shughuli za mwalimu" itakuwa fupi kuliko ulivyozoea. Mkaguzi akiuliza, mwonyeshe sehemu ya shughuli za mwanafunzi.

Vifaa kwa kila kundi la watu watano au sita: uzi wa nailoni wanaotumia mafundi viatu (hauvutiki kirahisi), mawe matatu yanayokaribiana ukubwa, rula, na msumari au ukingo wa dawati wa kufungia. Kwa makundi yatakayochunguza uzito, weka akiba ya chupa za maji za nusu lita zinazofanana. Utaona kazi yake baadaye.

Saa za kupimia ndizo zinazowakatisha tamaa walimu wengi, maana maabara ina mbili na moja haifanyi kazi, na simu kwa wanafunzi ni marufuku. Dawa yake ni kugeuza kipimo. Badala ya kila kundi kupima muda wa mibembeo kumi, mwalimu anashika saa moja mbele ya darasa, anatamka "achia", na baada ya sekunde 60 anatamka "basi". Makundi yote yanahesabu mibembeo kwa dakika hiyohiyo. Saa moja inatosha darasa zima, hata ya mkononi yenye mshale wa sekunde.

Hesabu kipindi pacha kimoja, yaani dakika 80, kwa swali, mpango na vipimo, na kipindi kingine kimoja cha dakika 40 kwa mjadala. Ukijaribu kuvibana vyote ndani ya dakika 40, utajikuta unawapa majibu ili kengele isikukute njiani.

Swali litoke kwao

Ingia darasani, funga chupa ya maji kwenye boriti ya paa au fremu ya mlango, iachie ibembee, na unyamaze. Darasa likitulia uliza: nikitaka hii iende na kurudi mara nyingi zaidi kwa dakika, nibadilishe nini?

Andika ubaoni kila kinachosemwa. Uzito. Urefu wa uzi. Umbali wa kuivuta kabla ya kuiachia. Nguvu ya kusukuma. Unene wa uzi. Kuna aliyewahi kuniambia "upepo", na hakukosea kuuliza. Usitikise kichwa, usitabasamu kwa jibu moja kuliko lingine. Wanafunzi wetu wamekaa shuleni miaka minane au tisa wakisoma uso wa mwalimu. Wanaujua kuliko wanavyoijua fizikia.

Kisha pigeni kura kwa mikono: kitu gani kina nguvu kuliko vyote? Katika madarasa yangu uzito umeshinda kila mwaka. Andika idadi ya kura kwenye kona ya ubao na mwambie monita asiifute. Mtairudia.

Kila kundi sasa linachagua kitu kimoja cha kuchunguza. Hapa wafundishe kutofautisha swali linalopimika na lisilopimika. "Kwa nini inabembea?" ni swali zuri la kuwaza usiku, lakini huwezi kulijibu kwa uzi na jiwe. "Je, mibembeo kwa dakika inapungua uzi ukirefushwa?" linapimika. Chini ya swali waandike utabiri wao pamoja na sababu. Utabiri haupewi maksi kwa kuwa sahihi. Waambie hivyo kwa sauti, mara mbili.

Hakuna mpango, hakuna uzi

Ni sheria ya darasa langu. Kundi linaandika kwenye nusu ukurasa mambo manne: tunabadilisha nini, tunapima nini, tunashikilia nini kisibadilike, tutarudia mara ngapi. Nikiweka saini, wanapewa vifaa. Saini yangu haina maana kwamba mpango ni mzuri. Ina maana kwamba upo. Mpango wenye kasoro ndogo nauacha upite, kwa sababu kasoro ndiyo itakayotufundisha kwenye mjadala. Ninaouzuia ni ule unaobadilisha vitu viwili kwa pamoja huku wenyewe wakijua.

Gawa kazi: mmoja anafunga na kuachia, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anahesabu kimyakimya ili kulinganisha, mmoja anaandika. Wa tano ni mbishi. Kazi ya mbishi ni kupinga: "una uhakika ulianzia palepale?", "mbona safari hii umelivuta mbali zaidi?" Mpe kazi hiyo yule anayekusumbua darasani. Kuna kijana mmoja niliyekuwa nikimtoa nje kila wiki. Alipopewa ubishi kama cheo, hakuna kundi lililokuwa na data safi kama la kwao.

Kupima, na makosa utakayoyaona

Mzunguko wa kwanza ni wa mazoezi; namba zake zinatupwa. Utagundua mapema kwamba nusu ya darasa wanasema "moja" wakati wa kuachia jiwe. Hapo jiwe halijaenda popote. Wanapaswa kusema "sifuri". Kundi jingine litapata mibembeo 60 kwa uzi wa mita moja, wakati jirani zao wana 30, kwa sababu wao wanahesabu kwenda kuwa mmoja na kurudi kuwa wa pili. Usiwasahihishe. Waambie waende kuangalia kundi la jirani linavyohesabu. Dakika tatu zinatosha, na hawatasahau tena mbembeo mmoja ni nini.

Kuhusu kuvuta: jiwe lisivutwe mbali. Kwa uzi wa mita moja, sentimita 15 pembeni zinatosha. Kwa uzi wa sentimita 25, sentimita nne. Likivutwa hadi karibu usawa wa mlalo, kila mbembeo unachukua muda mrefu zaidi. Kundi linalochunguza umbali wa kuvuta litaliona hilo lenyewe kama litathubutu kwenda mbali, na likibaki na umbali mdogo litasema hakuna tofauti. Majibu yote mawili ni ya kweli, ndiyo maana lazima waandike walivuta kiasi gani.

Jedwali linaandikwa kwa kalamu ya wino, moja kwa moja, bila karatasi ya pembeni na bila ufutio. Namba ikikosewa inapigwa mstari mmoja ili isomeke. Kabla kundi halijatoka, ninasaini jedwali hilo chafuchafu palepale. Likija kwangu jedwali safi lisilo na saini, silisomi. Hatua hii moja ilipunguza kudesa kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa kuhusu uaminifu.

Ili wewe mwenyewe ujue unachotarajia, na usimwambie mtu: kwa dakika moja, uzi wa sentimita 25 hutoa karibu mibembeo 60, wa sentimita 50 karibu 42, wa mita moja karibu 30. Urefu unapimwa kuanzia kwenye fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Kumbuka hayo maneno "katikati ya jiwe".

Ulimi wa mwalimu

Hili ndilo gumu. Mwanafunzi atakuja na daftari na kuuliza: "Mwalimu, tumepata?" Swali hilo lina miaka mingi ya shule ndani yake. Mimi nina majibu matatu tu: "Mmepataje?", "Mkirudia mtapata hivyohivyo?", na "Mbishi wenu anasemaje?" Baada ya kuuliza nahesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua mdomo tena. Mara nyingi wanaanza kujibizana wenyewe nikiwa nimefika tatu.

Lakini kukaa kimya kusigeuzwe dini. Kuna vitu havichunguziki: rula inasomwaje, jedwali linachorwaje, kipimo kinaandikwa kwa sentimita au mita. Hivyo vifundishe waziwazi, tena kabla ya jaribio. Nimeona vipindi vilivyopotea nzima kwa sababu mwalimu alitaka watoto "wagundue" namna ya kusoma rula. Na si kila mada inafaa njia hii. Mimi hufanya uchunguzi kamili mara mbili kwa muhula. Siku nyingine nafundisha kama walivyonifundisha walimu wangu, kwa chaki na maelezo.

Baraza

Kipindi kinachofuata, kila kundi linapeleka matokeo ubaoni kwenye jedwali moja kubwa. Makundi ya urefu huwa yanakubaliana. Ugomvi upo kwenye uzito. Mwaka mmoja makundi matatu yalisema kitu kizito kinabembea polepole zaidi: jiwe moja, mibembeo 46 na nusu, mawe matatu yaliyofungwa moja chini ya jingine, 44 na nusu. Walirudia, tofauti ikabaki. Kundi la nne lilitumia chupa mbili, moja imejaa maji na nyingine imejaa mchanga, likasema hakuna tofauti kabisa. Kitabu kinasema uzito hauhusiki. Kwa hiyo makundi matatu yamekosea?

Ninapofika hapo huwa nawasimulia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalipaswa kupoa kwanza baada ya kuchemshwa, lakini nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amekuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu kitu kinachoitwa athari ya Mpemba: kama ipo kweli, inatokea lini, na kwa nini.

Sipendi kuisimulia kama hadithi ya ushindi. Naisimulia kwa sababu ya kitendo kimoja: kijana aliona kitu kisicholingana na alichofundishwa, akakisema kama alivyokiona.

Basi tunarudi kwenye mawe matatu. Siwaambii wamekosea. Nauliza: mlipoongeza mawe, kuna kitu kingine kilichobadilika bila nyinyi kukusudia? Mara nyingi mbishi wa kundi la chupa ndiye anayeona: mawe yanapofungwa moja chini ya jingine, katikati ya mzigo hushuka. Walidhani wameshikilia urefu uleule kwa sababu uzi ni uleule, kumbe pendulamu imerefuka kutoka kama sentimita 41 hadi 45. Ukiangalia jedwali la makundi ya urefu, sentimita nne hizo zinatosha kueleza mibembeo miwili iliyopotea. Chupa mbili zinazofanana na zilizojaa hadi shingoni hazina tatizo hilo, kwa kuwa katikati yake ni palepale. Data yao ilikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni tafsiri. Sasa ndipo ninapoandika kanuni ubaoni, na tunairudia ile kona yenye kura.

Jambo la lugha: waache wabishane kwa Kiswahili. Ukilazimisha Kiingereza kwenye baraza, watazungumza watoto wanne na wengine 60 watakuwa watazamaji. Wakishaelewana, andikeni pamoja ubaoni sentensi za kuanzia kwa Kiingereza cha mtihani, ndipo kila mmoja aandike ripoti yake.

Kusahihisha

Wape mwongozo wa kusahihishia kabla ya jaribio, ubandikwe ukutani. Wangu una maksi 20. Kumi ni za kundi: swali na utabiri 2, mpango 3, data 5. Kumi ni za mtu mmojammoja: hoja 6, mapungufu 4. Nilizigawa hivyo baada ya miaka ya kuona mtoto mmoja akifanya kazi na watano wakivuna.

Maksi 5 za data zinatolewa hivi: vipimo vimerudiwa angalau mara tatu (2), jedwali lina vichwa na vipimo vyake (1), namba zilizofutwa zinasomeka na lina saini (2). Hakuna hata maksi moja ya kukaribia jibu la kitabu. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Ukiweka hata moja, watapika.

Hoja nazisahihisha kwa kuuliza mambo matatu, kila moja maksi 2: amedai nini, ameleta namba gani kutoka kwenye jedwali lake, ameunganishaje namba na dai. Tazama ripoti tatu za aina ninazozipata.

Ya kwanza: "Uzi ukirefuka, mibembeo inapungua." Ni kweli, lakini haina ushahidi. Maksi 2 kati ya 6.

Ya pili: "Uzi wa sentimita 25 ulitoa mibembeo 60, wa sentimita 100 ukatoa 30. Urefu uliongezeka mara nne lakini mibembeo ilipungua nusu tu, kwa hiyo haviendi kwa uwiano uleule." Maksi 6. Huyu amegusa kipeuo cha pili (cha nne ni mbili) bila kuambiwa.

Ya tatu ilitoka kwenye kundi la mawe, kabla ya baraza: "Uzito unapunguza mibembeo. Jiwe moja 46 na nusu, mawe matatu 44 na nusu. Tulirudia mara tatu na tofauti ilibaki, kwa hiyo si bahati mbaya." Nilimpa 5. Kwenye mapungufu nilimpa 1, kwa kuwa hakujiuliza ni nini kingine kilibadilika. Kundi lake lilikuwa na 9. Jumla 15 kati ya 20, yaani 75, na kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hiyo ni A.

Mwenzangu wa ofisini alikuja juu: unatoaje A kwa jibu lisilo sahihi? Alikuwa na hoja, na sikuwa na jibu zuri siku ile. Jibu langu leo ni kwamba ripoti inapima uchunguzi, na maarifa yanapimwa wiki inayofuata kwa jaribio la karatasi la dakika 15. Humo ninawapa jedwali la kundi jingine wasilolijua, wanalisoma, wanataja kosa lililomo, na wanaeleza uzito unahusika au hauhusiki. Aliyeshikilia kosa lake baada ya baraza anakosa maksi hapo, bila huruma. Alama hizo mbili naziweka safu tofauti kwenye daftari la upimaji endelevu. Walimu wa Kenya wanaotumia makundi ya kuzidi, kufikia, kukaribia na kuwa chini ya matarajio wanaweza kuweka maelezo hayahaya ndani ya makundi hayo; mgawanyo wa hoja haubadiliki.

Kwenye mapungufu, "tungekuwa na vifaa bora" ni sifuri. Kila mtu angependa vifaa bora. Nataka kasoro mahususi na inaelekea wapi: "Aliyehesabu alianza na moja, kwa hiyo huenda kila namba yetu imezidi kwa mmoja."

Usikate maksi kwa Kiingereza kibovu ikiwa maana inasomeka. Na ruhusu kurudia mara moja kwa kalamu ya rangi nyingine. Wanaorudia huwa wachache kuliko unavyoogopa. Kazi yenyewe haiui: karatasi 11 za makundi, na aya mbili kwa kila mwanafunzi, dakika mbili kwa mmoja. Kwa 64 ni jioni moja, ukianza mapema na taa ikiwepo.

Ile habari ya kundi la saba sikuiacha. Kila mwaka sasa ninaweka kwenye vifaa uzi mmoja wenye kikaratasi "mita 1", na urefu wake ni sentimita 80. Miaka miwili ya kwanza waliochukua uzi huo waliandika 30. Mwaka huu waliandika 33, 33 na nusu, 33 na nusu, na pembeni mbishi wao, msichana mfupi wa dawati la nyuma, ameongeza kwa wino mwekundu: "Mwalimu, tumeupima uzi wako. Si mita."

Nilisaini.